Pima jasho lako kabla ya kununua mashine

Mvua za Ufipa, hapa mkoani Rukwa, hazina haraka ya kuondoka. Zikianza Novemba, hutusindikiza mpaka Aprili, na katika miezi hiyo barabara za vumbi zitokazo Sumbawanga kwenda vijijini hugeuka tope linalojaa kwenye madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Kiangazi nacho kina yake. Juni na Julai asubuhi ni za makoti mazito, na upepo wa kusi hupita juu ya uwanda huu wenye miti michache bila cha kuuzuia. Anayenyonga baiskeli kwa ajili ya mazoezi anabaki na lami: ya Laela na Tunduma, ya Matai na Kasanga, au ya Namanyere hadi Mpanda. Lami ni nzuri, lakini unagawana na malori na mabasi, na saa za mtumishi wa ofisini ni zile za alfajiri na magharibi, wakati dereva hakuoni vizuri.

Kwa hiyo wazo la kufanyia mazoezi ya baiskeli ndani ya nyumba lina mantiki hapa kwetu kuliko linavyoonekana kwa mara ya kwanza. Si kwa kila mtu, bila shaka. Anayeshuka kutoka vilima vya Mbizi na magunia mawili ya mkaa kwenye keria hahitaji mashine yoyote ya kumtoa jasho, wala mkulima aliyeshinda na jembe akiinua matuta. Ninawazungumzia wengine: mwalimu anayekaa na madaftari tangu saa moja, mwenye duka asiyetoka nyuma ya kaunta, mama aliyeambiwa zahanati kwamba sukari imepanda, kijana anayeuguza goti baada ya ajali ya bodaboda, na wale wachache wenye ndoto ya kushindana. Mbio za baiskeli nchini ngome yake ni Usukumani. Ndiko yalikofanyika mashindano ya Vodacom Mwanza Cycle Challenge yaliyokuwa yakijaza watu kando ya barabara. Rukwa haijajijengea jina hilo, ingawa ina vitu viwili ambavyo Mwanza haina kwa kiasi hiki: mwinuko na milima mirefu ya kupanda.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Watu huanza kwa kuuliza wanunue mashine gani. Swali hilo ni la pili. La kwanza ni utajuaje kwamba umefanya kazi, na umefanya kiasi gani. Asiyejua kupima juhudi yake atanunua mashine ya mamilioni na baada ya miezi mitatu itakuwa ya kuanikia nguo.

Mtazame mnoa visu anapofanya kazi yake mtaani. Baiskeli imesimama kwenye stendi yake ya miguu miwili, gurudumu la nyuma liko hewani, mkanda umetoka kwenye gurudumu ukapanda hadi kwenye jiwe dogo la mviringo. Akinyonga bila kisu, miguu inakimbia tu na unaweza kuongea naye utakavyo. Akiweka panga juu ya jiwe na kulikandamiza, cheni inakaza, goti linashuka polepole, maneno yanakatika. Akilegeza mkono, pumzi inarudi. Pale pana kila kitu kilichomo ndani ya mashine ya kisasa ya mazoezi: kitu cha kusimamisha baiskeli, kitu cha kuleta ukinzani, na mkono wa kuuongeza au kuupunguza.

Jambo hilo hilo lilifanyiwa kazi Arusha kwa njia nyingine. Kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilitengeneza kifaa cha kupukuchulia mahindi kinachofungwa kwenye baiskeli ya kawaida, mtu akanyonga na punje zikaanguka. Kwa mkoa wa mahindi kama wetu, hicho ni kifaa cha kufikirisha. Lakini ona tofauti. Anayepukuchua mahindi haulizi amefanya kazi kiasi gani, kwa sababu gunia liko mbele yake. Anayenyonga chumbani hana gunia. Hana hata kijiji alichofika. Lazima apate kitu kingine cha kuhesabu.

Waendesha baiskeli wa kulipwa huhesabu wati. Wati ni kazi inayofanyika kwa kila sekunde: ukiinua kilo 10 za unga kwa mita moja kila sekunde, unatoa wati 98 hivi. Mjerumani Ulrich Schoberer ndiye aliyebuni mwaka 1986 kipimo cha nguvu kinachokaa kwenye mkono wa pedeli, na kampuni yake ya SRM ikabadilisha mchezo wote. Kabla ya hapo watu walipima mwendo, na mwendo hudanganya. Upepo ukiwa nyuma yako kwenye tambarare za Laela utajiona bingwa. Ukigeuka kurudi, utadhani unaumwa. Wati hazijali upepo.

Aliyejulikana zaidi kwa kuziangalia ni mtu wa kwetu Afrika Mashariki kwa kuzaliwa. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundwa na David Kinjah kule Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Watazamaji wa Ulaya walimlalamikia kwa kupanda milima ameinamisha kichwa, macho kwenye kidude kidogo kilichokuwa kwenye usukani. Alikuwa anasoma wati zake. Mpinzani akichomoka, yeye hakumkimbilia. Alibaki kwenye namba aliyojua mwili wake unaiweza.

Kipimo kama hicho ni ghali. Lakini Ufipa ina mizani ya bure, nayo ni mlima. Kwenye mwinuko mkali mwendo huwa mdogo, upepo haukuli sana, na karibu kazi yako yote inakwenda kuinua uzito. Hesabu yake ni ya darasa la fizikia: zidisha uzito wa jumla kwa kilo, yaani wewe na baiskeli, mara 9.81, mara mita ulizopanda kwenda juu, kisha gawanya kwa sekunde ulizotumia. Chukua mtu wa kilo 68 juu ya baiskeli aina ya Phoenix ya kilo 20. Akipanda kilima cha urefu wa kilomita mbili kinachomwinua mita 120, akatumia dakika 10, ametoa wati 173 kwa kupambana na mvutano wa dunia peke yake, mbali na zile zilizoliwa na tairi na hewa. Mwezi ujao akipanda kilima hicho hicho kwa dakika 9, zimekuwa 192. Hakuna ubishi hapo. Programu za ramani kwenye simu zitakupa mwinuko wa chini na wa juu, na saa unayo.

Njia hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 2008, wakati Nicholas Leong, mpiga picha wa Singapore, alipowapeleka Wakenya wawili Ufaransa kujaribu kilima maarufu cha Alpe d'Huez. Hawakuwa na historia yoyote ya kushindana Ulaya. Mmoja wao, Zakayo Nderi, aliupanda kwa dakika 42 na ushei. Kilima hicho kina kilomita 13.8 na mwinuko unaozidi mita 1,000, kwa hiyo mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kukadiria kwamba alitoa zaidi ya wati 4 kwa kila kilo ya mwili na baiskeli. Saa na mlima vilitosha kuuonyesha ulimwengu kwamba Afrika Mashariki ina miguu. Na kilele cha Alpe d'Huez kiko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Sumbawanga mjini. Anayetoka Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika ulio mita 770 hivi, akapanda mpaka Sumbawanga, ameinuka zaidi ya mita 1,000, ingawa kwa barabara ya kilomita 112.

Ndani ya nyumba hakuna mlima, kwa hiyo tunarudi kwenye mwili wenyewe. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alithubutu kusema jambo linaloonekana la kitoto: muulize mtu anaona kazi ni ngumu kiasi gani, naye atakujibu kwa usahihi wa kushangaza. Kipimo chake cha mwanzo kilianzia 6 hadi 20, kwa sababu ukiongeza sifuri unapata takribani mapigo ya moyo, 60 hadi 200. Baadaye akatengeneza cha 0 hadi 10 ambacho ni rahisi zaidi. Sifuri ni kukaa kwenye kigoda. Tatu ni mwendo ambao unaweza kusimulia habari nzima bila kukata sentensi. Tano, unaongea kwa vipande. Saba, unajibu ndiyo au hapana. Kumi ni pale ambapo huwezi kuendelea hata ukiahidiwa ng'ombe.

Mmarekani Carl Foster akaongeza hatua moja: zidisha namba hiyo kwa dakika za mazoezi. Dakika 60 kwa ugumu wa 3 ni 180. Dakika 30 kwa ugumu wa 7 ni 210. Sasa una namba moja ya siku, na ukijumlisha siku saba una namba ya wiki. Iandike. Ikiruka ghafla, tarajia maumivu ya magoti au homa. Ikibaki pale pale miezi miwili, usishangae mwili nao ukibaki pale pale. Sijaona kipimo kingine kinachotoa mengi hivyo kwa bei ya kalamu.

Mapigo ya moyo ni shahidi wa pili. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono au shingoni chini ya taya, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Hesabu pia asubuhi kabla hujatoka kitandani. Hiyo ndiyo namba ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu ikipanda kwa mapigo saba au nane siku mbili mfululizo, mwili unakuambia kwamba haujapumzika, au malaria inabisha hodi. Siku hiyo usinyonge. Kuhusu kiwango cha juu kabisa, wengi wamezoea kutoa umri kwenye 220. Kanuni iliyotolewa mwaka 2001, 208 kutoa asilimia 70 ya umri, inawafaa zaidi watu wazima: kwa mwenye miaka 60 inatoa 166 badala ya 160. Zote mbili ni makadirio, na mtu mmoja anaweza kupishana nazo kwa mapigo 10 au zaidi.

Hapa mwinuko unaingia kwenye hesabu. Kwenye mita 1,800 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam. Ndiyo sababu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na maharage huchukua kuni nyingi. Oksijeni unayoivuta kwa kila pumzi hupungua kwa uwiano huo huo, na nguvu unayoweza kuishikilia kwa muda mrefu hupungua kwa asilimia kadhaa, kwa wengi kati ya 5 na 10. Kwa hiyo anayehamia Sumbawanga kikazi kutoka Pwani asijilinganishe na namba zake za zamani, wala kijana wa hapa asivunjike moyo akisoma programu ya mazoezi iliyoandikwa na mtu wa ufukweni. Mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, yaliwakuta mabingwa wakihema kwenye milima ya mji ulio chini kuliko Sumbawanga.

Sasa twende kwenye mashine. Nazigawa kwa swali ambalo vitabu vya Ulaya havianzi nalo: inahitaji umeme?

Mkoa wetu kwa miaka mingi umetegemea umeme unaonunuliwa Zambia pamoja na jenereta za dizeli, na kila mkazi anajua maana yake jioni ya mvua. Mashine za kisasa kabisa ni zile ambazo unaondoa gurudumu la nyuma na kufunga fremu moja kwa moja kwenye mashine. Wahoo ya Marekani ilileta KICKR mwaka 2012, na Tacx ya Uholanzi, iliyonunuliwa na Garmin mwaka 2019, ina za kwake. Zinasoma wati kwa kosa la asilimia moja au mbili kwa madai ya watengenezaji, zinaungana na simu, na ukiingia kwenye programu kama Zwift, mlima ukionekana kwenye kioo mashine yenyewe inakaza. Wakati wa Korona, Julai 2020, Tour de France ya mtandaoni ilikimbiwa kwa njia hiyo, na Desemba mwaka huo yakafanyika mashindano ya dunia ya kwanza ya aina hiyo. Ni vifaa vya ajabu. Vile vya hali ya juu huzidi dola 1,000 kabla ya usafiri na ushuru, Zwift ni karibu dola 20 kila mwezi, na intaneti isikatike. Umeme ukikatika, nyingi hupoteza ukinzani, ingawa Tacx NEO huzalisha umeme wake kwa kunyonga. Kuna kikwazo kingine ambacho muuzaji hatakuambia: mashine hizi kwa kawaida zimetengenezwa kwa baiskeli yenye gia za nyuma za kubadilisha. Phoenix yenye gia moja haifungiki kirahisi.

Aina ya pili hubana ekseli ya nyuma na kulisukumia tairi kigurudumu kidogo. Ukinzani hutoka kwenye sumaku au kwenye kimiminika kilichofungiwa ndani. Za sumaku huanzia kama dola 100 huko nje. Hazihitaji umeme. Za kimiminika ninazipenda zaidi kwa sababu hazina sauti kali na zinakaza zenyewe kadiri unavyoongeza mwendo. Kila mwendo una ukinzani wake usiobadilika, kwa hiyo hata bila kipimo cha wati, mwendo ule ule kwa upepo ule ule wa tairi ni juhudi ile ile. Ndiyo siri ya vifaa vya bei nafuu: havikupi namba, lakini vina tabia moja. Jaza tairi upepo sawa kila mara, kaza skrubu mizunguko ile ile, pasha moto dakika 10 kwanza. Kisha hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15 na uzidishe kwa 4. Kwenye baiskeli ya gia moja, hesabu hiyo ndiyo mwendo wenyewe.

Tahadhari ni mbili. Tairi lenye meno litapiga kelele na kuisha haraka, tafuta laini. Na vibanio vya stendi hizi vimetengenezwa kwa ekseli za baiskeli za mbio, zenye kifungo chembamba cha kukaza kwa mkono. Baiskeli yenye nati kubwa pande zote mbili inahitaji nati maalumu zenye umbo la koni. Bila hizo, baiskeli itachomoka ukiwa umesimama juu ya pedeli.

Hapo ndipo aina ya tatu inapopanda chati kwangu. Ni rola tatu zilizolazwa kwenye fremu: mbili chini ya gurudumu la nyuma, moja chini ya la mbele, mkanda ukiunganisha ili la mbele nalo lizunguke. Baiskeli haifungwi popote. Haijali nati, haijali gia, haijali umeme. Fundi wa kuchomelea mwenye bomba nzuri, beringi na vipimo sahihi anaweza kuitengeneza papa hapa mjini, mradi rola ya mbele ikae sentimita moja au mbili mbele ya ekseli na iweze kusogezwa, kwa sababu Phoenix ni ndefu kuliko baiskeli za mbio. Ubaya wake ni kwamba lazima uwe na mizani ya mwili. Wiki ya kwanza nyonga ukiwa mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Ukinzani wake pia ni mdogo, hivyo kijana mwenye miguu yenye nguvu haitamtosha kwa muda mrefu. Mgonjwa wa goti au mzee asiiguse. Hao wanunue baiskeli ya mazoezi ya kusimama, ile ya jimu yenye gurudumu zito na pedi ya kukaza, hata ya mtumba, na wasiamini namba ya kalori inayoonyeshwa kwenye kioo chake.

Jambo moja tunawashinda watu wa Pwani. Mwili hugeuza robo tu ya nishati yake, au chini ya hapo, kuwa kazi ya pedeli. Kingine chote ni joto. Ukitoa wati 150 unazalisha joto la wati 450 hadi 600, na ndani hakuna upepo wa kulipeleka. Dar es Salaam unahitaji feni mbili. Sumbawanga fungua dirisha. Tandika taulo juu ya usukani, kwa kuwa jasho lina chumvi na chumvi inakula chuma, na weka kipande cha zulia chini kwa ajili ya jirani.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani ile 3 au 4 ya Borg. Mwenye shinikizo la damu, au aliyewahi kubanwa na kifua, apite hospitali kwanza.

Uamuzi wangu kwa Sumbawanga ya leo ni huu. Mwenye Phoenix achukue rola. Mwenye baiskeli ya gia achukue stendi ya kimiminika. Mashine ya wati na mtandao aiache mpaka awe anashindana kweli na umeme uwe wa kuaminika. Ila kabla ya kutoa shilingi yoyote, kesho asubuhi hesabu mapigo yako kabla ya kuamka, andika kwenye daftari, na jioni ukitoka kutembea au kunyonga andika dakika na ugumu wake. Fanya hivyo wiki mbili. Daftari likibaki tupu, usinunue.